Viza Yangu Imetoka, Baba Lindiwe

Mpenzi Baba Lindiwe,

Viza yangu imetoka. Leo nimeifuata Pretoria, nikarudi Malvern na teksi, nimeikumbatia bahasha kama mtoto wa shule aliyepewa ripoti. Nilipofungua mlango wa nyumbani mdomo ulishaanza kukuita. Ikabidi nikae kwanza pale kwenye kochi lako, na viatu miguuni. Nimekaa, nimeona nikuandikie.

Barua hii naiacha wazi. Humu Joburg tuko wengi tuliooana na watu wa pasipoti nyingine, na pengine yaliyotupata sisi yatamfaa mtu. Kwa hiyo nivumilie nikieleza na mambo unayoyajua.

Wewe ulizaliwa Morogoro, kwa wazazi waliokimbia Afrika Kusini wakati wa ubaguzi. Ulikua na sisi, ukagombana na sisi kwa Kiswahili chetu, hata bibi yangu alisahau kwamba u mgeni. Nchi yenu ilipofunguka mkarudi kwenu. Nilidhani ndiyo basi. Mwaka haujaisha ukaja kuniposa, na nikakufuata mpaka kile chumba cha Joubert Park, ghorofa ya juu kabisa, lifti haifanyi kazi, wewe umebeba sanduku langu kichwani unapanda ngazi unacheka. Baadaye tukapata nyumba hii ya Malvern. Wewe ukawa fundi umeme, mimi nikauza vitenge Jules Street.

Miaka yote hiyo nilibaki na pasipoti yangu ya Tanzania. Watu walikuuliza mbona mkeo habadilishi uraia, maisha yangekuwa rahisi. Ulijua sababu. Mama yangu alikuwa hai Morogoro, na sikutaka kuingia kwetu kwa kuhesabiwa siku. Hukunishinikiza hata mara moja. Uliniambia, "Mimi nilikuoa wewe. Pasipoti ni mambo ya uwanja wa ndege."

Na kweli uwanja wa ndege ndiko zilikotutenganisha. Tukirudi kutoka Dar, raia wanapita mstari mfupi, sisi wengine mstari unaozunguka kama nyoka. Nakumbuka askari mmoja alikuambia kwa upole, "Baba, mstari wako ni ule." Ukamjibu, "Mke wangu yuko huu." Ukabaki, umeshika mkoba wangu, unanisimulia habari za mteja wako wa Mayfair aliyetaka taa kila pembe ya duka. Miguu iliniuma siku ile, lakini sikutaka mstari uishe.

Kisha Lindiwe akatuletea Thailand. Alikwenda kufundisha Kiingereza Chiang Mai kwa mwaka mmoja, akaongeza mwingine, halafu jioni moja akapiga simu ya video na kijana kando yake. Anan, mwalimu wa hesabu. Kijana aliinamisha kichwa, viganja pamoja kifuani, akakaa hivyo muda mrefu. Uliniuliza kwa Kiswahili ili asielewe, "Huyu anasali au anasalimia?" Lindiwe, ambaye Kiswahili anakisikia tu na kukijibu kwa Kiingereza, akacheka mpaka simu ikamponyoka.

Harusi ikapangwa. Wewe hukuhitaji viza ya kuomba, pasipoti yako ilitosha. Mimi nilihitaji, na kibali changu cha ukaazi kilikuwa kimebandikwa kwenye pasipoti ya zamani iliyokwisha muda. Nilipeleka ubalozi wa Thailand pasipoti zote mbili, ya zamani na mpya, na cheti cha ndoa, na barua yako. Wakasema kibali lazima kithibitishwe kwanza. Tukasubiri. Kila asubuhi uliniuliza kama simu imelia, halafu ukaacha kuuliza, ukawa unanitazama tu.

Siku ya kusafiri ikakaribia. Ukasema hatuendi mpaka twende wote. Nikakuambia, "Baba Lindi, mtoto akose wazazi wote wawili? Nenda."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie mama anakuja."

"Na usipokuja?"

Nikachukua shati jingine. Nilikuwa nakupigia pasi mashati.

Lililotushangaza ni bima. Tulikuwa tumekata bima ya safari ya wanandoa, na sharti lake ni kwamba muondoke pamoja. Ikabidi turudi kwa wakala, Thandeka, atutenganishe, kila mtu na yake. Ulinung'unika njia nzima kwamba hata bima imetupa talaka. Thandeka akaanza maswali upya: una ugonjwa wowote? Ukasema, presha kidogo. Nikakukanyaga mguu chini ya meza.

"Sema na moyo," nikakuambia.

"Eish, Mama Lindi, wataongeza bei."

"Waongeze."

Ukamtajia moyo, na vidonge vyote, na daktari. Bei ikapanda kweli. Ulinuna mpaka kwenye robot ya pili, zile taa za barabarani, ndipo ukanishika mkono.

Ukaondoka. Nyumba ikawa na mwangwi. Ubalozi walipopiga kusema viza iko tayari nilikuwa dukani nampimia mteja kitenge, nikamwachia mita zaidi ya alizolipia. Nilisafiri peke yangu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Pale Chiang Mai ofisa alizikagua pasipoti zangu zote mbili kwa muda, akaniuliza nimekuja kwa nani. Nikasema, kwa mwanangu, anaolewa kesho. Akagonga muhuri.

Nilipotokea nje ulikuwa umesimama mbele ya watu wote, umevaa shati nililolipiga pasi mimi, limekunjamana. Anan akanieleza baadaye kwamba ulikuwa hapo tangu asubuhi na ulikataa kukaa. Uliniambia neno moja tu, "Umefika," ukachukua mkoba wangu.

Kesho yake tuliwamwagia watoto maji mikononi, kama ilivyo desturi ya kule. Walipiga magoti bega kwa bega, kichwani wamefungwa uzi mweupe unaowaunganisha. Wengine walimwaga kidogo na kunong'ona baraka. Wewe ulimwaga kombe zima, ukasahau kusimama, ukaanza kuongea Kizulu, ukahamia Kiswahili, hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi na Lindiwe. Ulisema, "Asiachwe nyuma. Yeyote kati yenu asiachwe nyuma." Lindiwe alilia, na mamake Anan, ambaye hakuelewa neno, akalia naye.

Siku chache baada ya hapo kifua kikakubana. Ilikuwa asubuhi, tunakunywa chai barazani kwao. Ulishika ukingo wa meza, ukasema umechoka, na midomo yako ikabadilika rangi. Hospitali walikupokea, lakini kabla ya upasuaji walitaka dhamana ya bima. Nilipiga ile namba ya dharura ya bima. Mtu wa upande wa pili aliniuliza swali moja nililoliogopa: ugonjwa wa moyo aliutaja alipokata bima? Nikasema, aliutaja. Nikamsikia anabonyeza vitufe. Kisha akasema, "Nimeuona, mama. Tunatuma dhamana sasa hivi." Nilikaa chini pale korido. Lindiwe alidhani nimeanguka.

Ukapona, taratibu. Lakini siku zangu za viza zilikuwa zinaisha, na daktari hakukuruhusu kupanda ndege. Wewe nchi ile ilikuwa imekupa siku nyingi, mimi chache. Nilikaa kando ya kitanda chako nikiwaza kwamba nitafukuzwa na wewe una mipira puani. Anan alichukua barua ya daktari, akanipandisha nyuma ya pikipiki yake, mimi mama mzima na kanga yangu, tukaenda ofisi ya uhamiaji. Alizungumza Kithai kwa muda mrefu. Neno nililolitambua ni "mae", ambalo Lindiwe alishanifundisha. Mama. Ofisa akaniangalia, akamwangalia Anan. Nadhani alitaka kuuliza imekuwaje, akaacha. Wakaniongezea siku.

Niliporudi ulikuwa macho. Ukaniuliza, "Wamekuacha?"

"Wameniacha."

Ukafumba macho, ukatabasamu. "Sharp," ukasema, kama ulivyosema kila jambo likikaa sawa.

Tulirudi pamoja, ndege moja, viti jirani. Mungu akatupa majira yote manne tena. Ulirudi kuunganisha nyaya za majirani zetu nilizokukataza. Halafu ikaja baridi ya Julai, na asubuhi ile ukaenda bila viza wala bima, bila kuniambia neno. Lindiwe na Anan walikuja tukakuzika. Anan alitupa udongo kwa mikono miwili, kisha akainamisha kichwa vile vile kama siku ya kwanza kwenye simu. Nikajua safari hii alikuwa anafanya yote mawili, kusali na kusalimia.

Sasa una mjukuu, Baba Lindiwe. Wa kike. Amepewa jina la Kithai na jina la Kizulu. Jina la Kiswahili wameniachia mimi, wanasema watasubiri nifike. Jana Lindiwe aliniuliza pasipoti gani amkatie mtoto. Nikamwambia, zote anazostahili, na kila mkisafiri mseme ukweli wote kwa watu wa bima, hata kama baba mtu ananuna. Akacheka.

Safari hii viza haikunisumbua. Kilichonisumbua ni mahali kwenye fomu wanapouliza hali ya ndoa. Niliandika neno lile kwa herufi ndogo sana, mpaka dada wa dirishani akaniomba nilirudie lisomeke.

Siku ile ile ya fomu nilikwenda kwa Thandeka kukata bima. Alikuwa hajasikia. Akafurahi kuniona, akaandika jina langu, akaniuliza, "Na mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura?" Nikamtajia namba yako. Sikufikiri, ulimi ulikwenda wenyewe, ndiyo namba pekee ninayoijua kwa kichwa. Yeye, kwa utaratibu wao, akaipiga hapo hapo kuihakiki.

Ikalia ndani ya mkoba wangu. Huwa naichaji, Baba Lindi. Sijui kwa nini. Huwa naichaji kila jioni.

Thandeka akaniangalia, akaelewa, akakata simu polepole. Alizunguka meza, akakaa kiti ulichokaliaga wewe, tukakaa hivyo. Halafu nikafuta uso, nikafungua simu yangu, nikamsomea namba ya Anan, tarakimu moja moja, maana ni ndefu.

"Huyu ni nani kwako?" akauliza, kalamu mkononi.

Nikasema, "Ni mwanangu."

Lala salama, mpenzi wangu. Nitakubusia mtoto.

Mkeo,
Mama Lindiwe