Jina la Kwenye Tiketi na Jina la Kwenye Ndege

Yaya Kambale, kaka yangu,

Patron ameenda kula, duka la tiketi nimebaki nalo peke yangu, na ukutani mbele yangu kuna picha ya ndege nyeupe juu ya mawingu na dada mmoja wa Kizungu, kitambaa shingoni, anacheka. Tangu ulipokufa namtazama dada huyu kila siku na kila siku namchukia. Nilimwomba patron aitoe picha hiyo. Akasema kampuni ndiyo iliyoileta, na kampuni inatupa asilimia yetu. Basi yeye anacheka, mimi nauza tiketi.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwa na adabu ya kumwandikia marehemu. Hata leo haijapata adabu. Lakini Jumamosi tunaondoa kilio chako, matanga yanaisha. Mkeo Solange anarudi Bunia kwa ajili ya siku hiyo, na kabla wazee hawajakaa kwenye viti vya kukodi nataka wewe uwe wa kwanza kusikia nitakachosema.

Ulikuwa unanitumia sauti kwenye simu ukitoka kazini, unahema, upepo wa Bruxelles unavuma nyuma yako. Ulipakia mizigo kwenye matumbo ya ndege miaka yote ile, na ulizijua kampuni zao jinsi mama wa soko anavyowajua wateja wake. Ulisema, "Kavira, weye unauzisha tiketi, miye napakia, siye wawili ndiyo kampuni." Kisha unanieleza moja moja. Ile kubwa ya zamani, ya chokoleti ndogo na glavu nyeupe, inayojiona ukoo wa wafalme. Ile ya bei rahisi, inayouza maji humo angani na kupima mikoba ya vikongwe mlangoni utadhani wameficha dhahabu ya migodi ya Kilo. Na ile ya kukodiwa, yenye jua la manjano mkiani. Wakati wa joto inapeleka watu baharini, wakati wa baridi inawapeleka kwenye theluji, na serikali ikiikodi inarudisha ndugu zetu waliofukuzwa, mikono imefungwa, polisi huku na huku. "Na jua ni ile ile ku mukia," ulisema. Siku hiyo hukucheka.

Uliniambia pia kwamba likija sanduku la maiti wa Kongo unaligonga mara mbili kwa kiganja na kusema, "Muzee, ufike muzuri." Nikakuuliza, na kama ni mwanamke je? Ukasema, "Nasema Mama, na weye pia, maulizo mingi."

Halafu wewe mwenyewe ukaanguka kwenye ngazi za nyumba yako, umetoka kazini, mkate mkononi. Solange alinipigia simu akilia kwa Kilingala. Kilingala changu ni cha nyimbo tu, lakini nilielewa.

Papa aliomba kitu kimoja. "Mutoto wangu alale mu nyumba yangu usiku moja, kiisha mumuzike." Unajua kwetu ilivyo: mwili unalala kwa baba kabla ya kaburi, na mke anaingia nyuma yake. Mke hatangulii. Akitangulia, ni kama amemwacha njiani.

Rafiki zako wa kazini walichanga, na mimi nilipanga safari hapa, kwenye kompyuta hii. Wewe, Solange na binti yenu Grâce, ndege moja mpaka Entebbe, Uganda, kisha gari. Nilichagua kampuni ya chokoleti. Nilitaka mara moja tu usafiri kama mkubwa, wengine wakupakie wewe.

Sasa sikiliza walichofanya. Ulikuwa wakati wa likizo zao, Ulaya nzima iko safarini, ndege hazitoshi. Kampuni ya chokoleti ikakodi ndege kutoka kwa kampuni ya jua, pamoja na rubani wake na wahudumu wake, ikaiweka kwenye safari yenu. Kwenye tiketi jina moja, kwenye ndege jina lingine. Wameniandikia baadaye kwamba ni jambo la kawaida katika kazi yao, na naamini, maana uchafu mwingi ni wa kawaida. Ila mkataba wao wa kukodi ulikuwa wa abiria na mabegi. Maiti haikuwemo. Kampuni ya jua haibebi maiti, isije ikawaharibia watu likizo.

Hakuna aliyemwambia Solange. Alikuulizia mlangoni mwa ndege, tena kwa kile Kifaransa chake kizuri ulichokuwa ukikiringia. Mhudumu akamjibu, kila kitu kimo ndani, madame, kaa utulie. Grâce akapewa kitabu cha kupaka rangi, chenye ndege iliyovaa miwani ya jua na kutabasamu. Mtoto alipaka rangi mpaka ukurasa wa mwisho, akijua baba yake yuko chini ya miguu yake. Nimekiona kitabu hicho kwa macho yangu. Nilitaka kukitupa chooni, Grâce akalia, nikamrudishia.

Wewe ulikuwa umebaki kwenye banda la mizigo, pale pale ulipofanyia kazi. Sijui kama kuna mtu aliyekugonga mara mbili.

Entebbe mabegi yalitoka yote. Valise ya Solange, ya Grâce, hata lile boksi la zawadi lililofungwa kwa kamba. Binamu yetu Muhindo aliyewangojea na gari alizunguka upande wa mizigo mpaka wakamfukuza. Mimi nikapiga simu. Kampuni ya chokoleti ikasema, uliza kampuni ya jua. Kampuni ya jua ikasema, sisi tulikodisha tu. Mwishoni nikampata kijana mmoja mwenye sauti ya upole sana, akaniambia colis yangu haijapotea, imechelewa, inaweza kupatikana ndege kesho, inaweza kuwa wiki ijayo. Colis, Yaya, kifurushi. Wewe uliyebatizwa, wewe uliyenifundisha kuendesha baiskeli kwenye mteremko wa Mudzi-Pela ukikimbia nyuma yangu na kandambili moja. Nilimuuliza kama baba yake naye ni colis. Akanitakia siku njema.

Kungoja Entebbe hawakuweza. Mtoto alishikwa na homa, na wajomba walikuwa wakipiga simu kila saa, leteni mutoto, leteni mutoto. Muhindo akawaleta kwa barabara ya Mahagi. Walifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope, na Shangazi Masika akasimama kwenye mlango wa kiwanja.

"Mwili iko wapi?" Solange akajaribu kueleza. Kifaransa, Kilingala, Kiswahili kidogo alichojifunza kwako, vyote pamoja. Shangazi akasema, "Valise yake inafika, bwana yake hapana. Bibi hawezi kuingia mbele ya bwana." Akamchukua Grâce kwa mkono, akamwingiza, akafunga mlango.

Nasema kweli, siku ile nilichukia watu wengi. Nilimchukia mhudumu mwenye kitambaa, nikawachukia wajomba waliokaa chini ya hema wakitafuna na kutazama pembeni. Mkeo alikuwa amekaa juu ya valise yake kando ya barabara, kitambaa cheusi kichwani, pikipiki zinapita na kumrushia mawe madogo, na watu wako wewe mwenyewe wanamtazama kupitia matundu ya ua. Nilipompelekea maji, baba mdogo akaniambia, "Kavira, usichanganye mambo." Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa, kwa sababu yeye ni baba mdogo na wewe ni marehemu.

Jirani, mama Furaha, alimlaza kwake. Asubuhi Solange anarudi kwenye valise yake kando ya mlango, na jioni anarudi kulala. Ikawa hivyo siku zile zote. Mvua ikinyesha anasimama chini ya paa la kibanda cha kuchajia simu. Hakulalamika. Mara moja tu aliniuliza, kwa sauti ndogo, "Kavira, na miye ningeshuka?" Alitaka kusema, angejua umeachwa, angeshuka kwenye ndege. Nikamwambia angeshuka. Akasema, "Basi wambie." Niliwaambia. Walinisikia jinsi mtu anavyosikia redio ya jirani.

Papa alikuwa ndani, nyonga imemlaza, na tulikuwa tumemdanganya kwamba Solange anapumzika kwa watu. Lakini Grâce si mtoto wa kudanganya. Alimwambia babu yake, mama anakaa kwenye barabara. Papa akaomba fimbo. Akatoka mpaka uani, akawatazama wote, akauliza, "Nani iko inje?"

"Bibi ya Kambale."

"Na Kambale?"

"Iko Bulaya. Ndege ilimuacha."

Kisha akasema, "Basi kilio iko inje," akanionyesha kiti chake kwa fimbo. Nilikibeba. Akafungua mlango mwenyewe, akaenda kukaa kando ya Solange, kwenye vumbi, na kofia yake ya misa ya Jumapili kichwani.

Ungecheka, Yaya. Wazee wangefanyaje? Mwenye kilio amekaa barabarani, wao watakaa ndani wakimlilia nani? Wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mtu na kiti chake. Vijana wakang'oa hema, wakalisimamisha upya karibu na mtaro. Masufuria yakafuata. Wenye pikipiki wakalazimika kupunguza mwendo, wengine wakashuka kutoa pole. Shangazi Masika alitoka wa mwisho, na kigoda chake mwenyewe, akakaa akitugeuzia mgongo.

Ulikuja siku chache baadaye. Muhindo alirudi kukuchukua Entebbe, akakuleta nyuma ya gari, sanduku ndani ya sanduku, plastiki juu. Na juu ya plastiki makaratasi ya kubandika: mistari myeusi ya kusomwa na mashine, kilo zako, mshale wa kuonyesha juu ni wapi, nembo ya kampuni ya chokoleti, na namba ndefu mahali pa jina. Wanaume wakakushika kukuingiza. Papa akasema, "Bado." Akaomba maji na kitambaa. Akaanza kuloweka makaratasi yale na kuyabandua kwa kucha, moja moja. "Mutoto wangu haiko colis," alisema. Watu wote tulisimama tukimtazama, hakuna aliyethubutu kumharakisha. Solange akapiga magoti upande wa pili, akaanza kubandua naye. Lile la mwisho lilikataa kabisa, Solange akaling'ata kwa meno, akalitema kwenye mtaro.

Papa akamwambia, "Sasa fuata bwana yako." Ukaingia, naye nyuma yako. Hatukuweza kukuona uso, sanduku la ndani, la chuma, lilikuwa limefungwa kwa moto. Papa alilala kwenye mkeka kando yako hata hivyo, na asubuhi tukakuzika.

Ungedhani yameishia hapo. Solange aliporudi kule alikuta kampuni ya chokoleti imemwandikia. Wanasikitika kwa usumbufu, na wanampa bon ya kusafiri bure kwenda moja ya fukwe zao, inatumika mwaka mzima. Alinipigia simu kunisomea, akafika kwenye neno fukwe, akalirudia mara mbili. Nilimwambia airarue. Sijui kama aliirarua. Hapa dukani mteja akiuliza juu ya kampuni ile namwambia akilipa ajue, ndege atakayopanda inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Patron amenionya. Mama mmoja wa vitenge alibadilisha tiketi yake mbele ya macho ya patron, tangu hapo patron ananiita wakili.

Lakini kinachonikosesha raha ni huku nyumbani. Shangazi Masika hajachoka. Sokoni, kanisani, kwenye maji, anasema yule wa Kilingala alimwacha bwana yake kwenye fasi ya mizigo, akakuja na valise. Na maneno hayo yameshaingia kwa wajomba. Wanasema Jumamosi, kilio kikiondolewa, wataamua kama Solange anabaki bibi wa nyumba hii au anarudi kwao moja kwa moja. Kama anarudi kwao, chumba chako si cha Grâce tena. Mtoto atakuja Bunia kama mgeni, kama atakuja. Papa hana nguvu tena ya kubeba kiti mpaka nje, na wao wanalijua hilo.

Mimi nitasimama, Yaya. Mwanamke, mdogo, asiye na mume, nitasimama kabla baba mdogo hajafungua mdomo, na wakiniambia nikae sitakaa. Nitawaeleza taratibu, jinsi ninavyowaeleza wateja. Solange hakukuacha. Alikuulizia mlangoni akadanganywa, akafungiwa mkanda, akarushwa. Nitawaambia waliokaa chini ya hema wakimtazama mjane kwenye mvua wasiulize habari za kuacha. Shangazi akitaka kunipiga na anipige, nimeshapigwa na yeye.

Lala sasa. Kwa baba ulilala usiku mmoja, na hapo ulipo hakuna atakayekuhamisha. Ninakuahidi hili: maadamu niko hai, katika nyumba hii mtu akiuliza nani alimwacha Kambale, nitataja kampuni zote mbili, ile ya kwenye tiketi na ile ya kwenye ndege, hata kama patron ananisikia. Jina la mke wako halitatajwa pamoja nazo.

Ni mimi mdogo wako,
Kavira