Tanuri la Mwisho Mtaani

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha umri. Huku kuna kioja. Yule mwokaji tuliyempachika jina Mla Peke Yake aliuza mkate kwa hasara miezi sita, mpaka waokaji wenzangu watatu wakafunga. Sasa amenunua hamira yote ya wakala wetu wa pekee na hataki kutuuzia. Nimebaki mimi, na hamira ya wiki tatu. Anataka nimuuzie tanuri alilojenga marehemu baba yako. Sheria ya kumzuia hakuna. Wewe unayefundisha uchumi, nifanyeje?

Mama yako

12 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na magoti. Usiuze! Kwenye soko huria ukiritimba haudumu. Akipandisha bei, faida yake itawavuta washindani. Vuta subira, soko litajisahihisha lenyewe.

Mwanao

2 Aprili

Marahaba mwanangu,

Mzima? Bei imepanda maradufu. Hao washindani wako nawasubiri mlangoni, sijawaona. Wataumua unga kwa kitu gani, na hamira yote iko stoo kwake? Tanuri limepoa siku ya nane leo. Jana alileta karatasi nitie sahihi, akakalia kiti changu bila kukaribishwa. Nina hasira mpaka nalia. Amenipa mwezi mmoja.

Mama yako

8 Aprili

Shikamoo Mama,

Nilikosea. Sikujiuliza mlango wa soko unashikwa na nani. Ukiuza sitakulaumu. Nije nikuchukue?

Mwanao

5 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na usije kunichukua, njoo ule mkate! Nilikoroga unga na maji, nikaacha vichachuke chunguni, kama bibi yako alivyofanya kabla hamira ya pakiti haijaja. Mikate ya kwanza ilikuwa mawe, hata mbwa wa jirani aliisusa. Ya wiki ya pili ikaumuka! Foleni imefika kwa fundi viatu. Wale wenzangu watatu nimewagawia kila mmoja donge la chachu bure, maana nikiwanyima nitakuwa yeye. Matanuri manne yanawaka, na Mla Peke Yake ameshusha bei.

Najua utawaambia wanafunzi wako soko limejisahihisha. Waambie pia halikuamka alfajiri kukanda unga. Niliamka mimi.

Mama yako, mwokaji