Mama Hajui Nimechagua Wanamaji

Nyakato,
Mwanza.
12 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Ojuok,

Shikamoo. Ni mimi Selina, binti wa marehemu kaka yako Okeyo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti ulilorudi nalo kutoka jeshini halikusumbui sana na baridi ya Songea. Mama mdogo Sabina hajambo? Mahindi mmeshavuna? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anashinda na cherehani yake, Elias yuko kidato cha nne, na vumbi la Nyakato limeshaanza kuingia kwenye sahani.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nyumba yetu ni vyumba viwili, nikiongea na wewe Mama anasikia hata unavyokohoa. Haya ninayoyaandika sitaki ayasikie bado.

Nimeitwa jeshini, Baba Mdogo. Wanahitaji wafamasia, na jina langu limo. Mama alizipokea habari vizuri kuliko nilivyotegemea. Aliendelea kushona, kisha akasema sawa, mradi iwe nchi kavu kama ulivyokuwa wewe. Kuhusu anga alisema tu kwamba huko hakuna pa kukanyaga. Wanamaji hakuwataja kabisa. Elias, na mdomo wake ule, siku hizi ananiita Afande Panadol.

Fomu ilitutaka tupange kamandi hizo tatu kwa jinsi tunavyopenda. Nimeijaza na kuipeleka, na ya kwanza nimeandika Wanamaji. Mama anaamini niliandika nchi kavu, kwa sababu aliponiuliza niliitikia kwa kichwa.

Wewe ndiye uliyeleta tunda la yago lizikwe badala yake, kama ilivyo desturi yetu, Baba alipozama ziwani na mwili ukakosekana. Nilikuwa na miaka saba, lakini nakumbuka ulivyolibeba kwa mikono miwili na kulilaza kaburini. Toka hapo Mama hali samaki, hakanyagi ufukweni, na sisi alituchapa hata kwa kulowesha miguu. Ndiyo maana mimi, mtoto wa ziwani, sijui kuogelea. Maneno yake unayajua: “Nilishazika tunda mara moja. La pili sitazika.”

Sasa nikueleze kwa nini nimemkaidi. Mwaka jana nikiwa kwenye mafunzo ya kazi nilitumwa kisiwani na boksi la dawa za kuzuia damu kwa wanawake wanaojifungua. Dawa hizo zikipata joto zinakufa, na kwa macho huwezi kujua. Mwenye mtumbwi, mzee mwema kabisa, alikuwa na sangara wake wameanza kulegea. Akafungua boksi, akatoa vifuko vya barafu, akawapangia samaki wake, akalifunga vizuri. Kwake yeye, kilichofungwa ndani ya chupa hakiozi. Tulipokaribia kisiwa akavirudisha vyote, hakubaki na hata kimoja.

Haya yote yalifanyika hatua mbili kutoka nilipokaa, na sikuyaona. Nilikuwa nimefumba macho tangu tulipoacha ufukwe, nimeng'ang'ania ubao kwa hofu.

Niliyajua tuliporudi, mzee aliponishukuru kwa barafu yangu. Nilipowapata zahanati ya kisiwani kwenye simu, mama mmoja alikuwa ameshachomwa ile sindano na damu haikukatika. Walimpakia kwenye mtumbwi kumvusha. Hakufika.

Hakuna aliyenilaumu, maana hakuna aliyejua nilikuwa nimefumba macho. Wewe ni wa kwanza kuambiwa. Nikienda nchi kavu nitapewa chumba chenye friji na Mama atalala usingizi, ila mimi nitaogopa maji mpaka nizeeke, na dawa zitaendelea kuvushwa na watu wanaoogopa kama mimi. Halafu najiuliza kama nina haki ya kumtesa Mama kwa kosa langu mwenyewe. Naogopa maji, Baba Mdogo, lakini Mama namwogopa zaidi.

Wametupa mpaka tarehe thelathini kubadilisha. Baba niliyebaki naye ni wewe. Ukisema nibadilishe, nitabadilisha na sitanuna. Ukisema niache ilivyo, basi nakuomba umwambie Mama wewe mwenyewe, mimi mdomo hautafunguka.

Nisalimie mama mdogo Sabina, na mdogo wangu Princess mwambie lile gauni lake Mama ameshalishona, bado vifungo. Mwalimu Yeremia wa hapa jirani naye anakuulizia kila Jumapili.

Nilitaka kuishia hapo, lakini asubuhi hii Mama alikuwa anapepeta mchele mlangoni, akaniuliza bila kuinua kichwa, “Huko jeshini wanafundishaga kuogelea?”

Nikamwambia sijui.

“Uulize,” akasema. “Wasipofundisha, utafute wa kukufundisha kabla hujaenda.” Akaendelea kupepeta, na mchele wenyewe ulikuwa umeshatakata.

Nijibu upesi. Mungu alilinde goti lako na aijalie nyumba yako amani, nawe utuombee sisi wawili tunaofichana tunachokijua.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Selina Okeyo