Mama Mkwe Ananipimia Wali, Mume Anampimia Kondoo Majani

Wewe mwanamume wa huku milimani Garut unayempaka kondoo dume mafuta ya pembe huku mkeo analala na njaa, weka chini kikombe cha kahawa usome. Na mama yako mwite akae karibu asikie. Barua hii imenitoa jasho, naiweka hapa gazetini kama ilivyo.

Asalam aleikum, Bibi Icih. Nisaidie, ila jina langu usilitaje. Nina mimba ya miezi saba, ya kwanza, naishi kwa wakwe, na mume wangu anafuga kondoo wa mashindano, wale madume wa kugonganisha pembe, sasa mwaka jana kondoo wetu jike alikufa akizaa kwa sababu mtoto wa lile dume kubwa alimkwama, basi mume akaapa kwamba jike mwingine akishika mimba atapewa majani nusu, ili mtoto awe mdogo atoke kirahisi, na mama mkwe alipoona tumbo langu naye akasema, “Hata wewe, binti, utapunguza, mtoto mkubwa atakupasua,” na tangu hapo ananipakulia wali kidogo na chumvi, samaki hapana, ndizi hapana, nikiomba anacheka, “Hilo ni tumbo au gunia?”

Bibi, naona aibu. Kulisha zizi jioni ni kazi yangu. Mwaka huu jike mwingine alishika mimba, naye alikuwa anapewa machicha ya soya kidogo, yale yanayobaki kwa watengeneza tofu, na mimi nikawa nayala. Mwanzo kiganja kimoja, kisha nikawa namwachia ndoo alambe. Alikuwa ananitazama tu.

Juzi alikataa hata majani. Akasimama ameegemeza paji la uso kwenye nguzo, nikimpitishia mkono machoni hapepesi, na pumzi yake inanukia tamu kama nanasi lililoiva kupita kiasi. Akaanguka. Mume akamwahi kumchinja, akampasua, na ini, Bibi, ini lilikuwa la manjano, linateleza kwa mafuta, ukilibonyeza linameguka. Na mwenyewe mbavu nje! Tumboni mapacha. Mume akapiga kelele, “Mafuta haya kayatoa wapi, na mimi nimemnyima?” Mama mkwe akasema kondoo ni kondoo, mtu ni mtu, jioni akanipakulia vilevile. Mume akarudi zizini kwa dume lake. Je, nimemuua mimi? Na huyu wangu atakuwaje? Tangu jana amepungua kucheza.

Bibi Icih anajibu:

Mwanangu, nimeiacha chai ipoe. Mjamzito anamwibia mjamzito chakula! Nimezeeka mpaka meno yameisha, hili sijawahi kulisikia.

Hukumuua. Kuyala machicha yake hakukumsaidia, lakini kilichomwangusha ni majani nusu siku zote hizo akiwa na wawili tumboni. Ninapokulaumu ni hapa: mdomo wa kuiba unao, wa kusema “nina njaa” huna?

Mumeo anauliza mafuta yametoka wapi. Yametoka mwilini mwa jike mwenyewe, bwana! Mimba haimsubiri mfugaji. Ukimnyima mama, mwili wake unayeyusha mafuta yake wenyewe ulishe tumbo, yanamiminika kwenye ini mengi kuliko ini linavyoyaweza, sukari ya damu inakwisha, damu inachafuka, ndiyo ile harufu tamu, kichwa kinazima. Daktari wa mifugo atakwambia hayohayo kwa maneno marefu.

Na huyo mwanakondoo mdogo unayemtamani, mimi nimemfuga. Anazaliwa kama paka, baridi ya mlima inammaliza kabla hajanyonya. Anayepona ndiye kituko. Mwili wake ulifundishwa njaa tumboni, ukimpa chakula kizuri haujui kukitumia, unakificha: figo zimezama kwenye mafuta, paja jembamba. Marehemu mume wangu alimlea mmoja hivyo, akampeleka uwanjani ngoma zinalia, dume likagonga mara mbili likalala linahema. Watu wakaniita, “Icih, mletee mto na shuka!” Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Hutaki mtoto amkwame mama? Usimpandishe jike mdogo kwa dume jitu. Tafuta dume la kiasi. Njaa si dawa ya uzazi.

Wewe mama mkwe, dada yangu, najua hata mama zetu walituambia tule kidogo. Walikosea, Mungu awarehemu. Kama mtu ni mtu, mpe basi chakula cha mtu! Kule zizini dume, kama madume yote ya mashindano, linakula mayai mabichi na asali kila asubuhi, humu ndani mkamwana analamba chumvi. Na majirani wakija, bila shaka unawaambia unamtunza! Huoni haya? Kuanzia leo mpakulie samaki, mayai, maharage na mboga, ale mpaka yeye mwenyewe aseme basi.

Na wewe, binti, mtoto akipungua kucheza huandiki gazetini ukakaa kungoja jibu. Hilo ndilo lililonitia baridi. Inuka sasa hivi uende kwa mkunga, umwambie yote, njaa na aibu, usibakize neno. Nawe mumewe, achana na zizi, usibadilishe hata shati. Washa pikipiki umpeleke.