Dada Radi Anakuja Jumamosi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikishapita hata ukinijibu vizuri namna gani utakuwa umechelewa.

Mimi ni mjane, nimestaafu kazi ya kushona sare za shule, ninaishi na mjukuu wangu wa kike wa miaka kumi na minne, na starehe yangu duniani ni moja tu, chama chetu cha wapenzi wa Dada Radi, yule mwimbaji aliyevuma miaka ya sabini kwa magita ya umeme na ile sauti yake ya kukwaruza, na hasa santuri yake yenye jalada la bluu, ambayo sisi tunaiita Ile ya Bluu, basi, hatuna haja ya jina jingine. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, tunakutana watu kumi na wawili kwenye chumba cha nyuma cha duka la fundi redio tunayemwita Sindano, kwa kuwa ni yeye peke yake anayeruhusiwa kushika sindano ya gramafoni, tunaisikiliza yote, upande wa kwanza, chai, upande wa pili, na ole wako uongee wimbo ukiwa unapigwa. Na tuna desturi yetu. Wimbo wa tatu wa upande wa pili, kabla hata gita halijaanza, kuna mlio unasikika, ngo!, kama kitu kimegonga, halafu kimya, halafu Dada Radi anacheka kidogo ndipo anaanza kuimba, basi pale kwenye ngo! sote tunagonga meza mara moja kwa pamoja, na anayekosea anaosha vikombe.

Sasa sikia dhambi yangu. Miaka tisa iliyopita, siku ya kwanza nilipoingia chamani, niliimba kiitikio, ile sauti ya tatu ya chini ambayo watu wengi hata hawaisikii, na mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akauliza, "Mama, hiyo umeijulia wapi?" nami nikajibu, "Nilikuwepo walipokuwa wanarekodi," na huo, mshauri, ulikuwa ukweli kabisa, ila yeye akaruka, "Jamani! Huyu ndiye yule mwenzao!" kwa kuwa nyuma ya jalada waitikiaji wawili wameandikwa majina, halafu wameandika tu "na mwenzao", na miaka yote hiyo hakuna aliyejua huyo mwenzao ni nani. Wakanipigia makofi, Sindano akaniletea kiti kando ya gramafoni, nami nikakaa. Ningesema neno moja tu pale yangekwisha, sikulisema, na mwezi uliofuata wakaniuliza siku ile tulivaa nini, nikasema magauni ya njano, wakaniuliza kama Dada Radi alikuwa mkali, nikasema wee, alikuwa ananiita mdogo wangu, uongo mtupu, mpaka ikafika mahali nikifumba macho hayo magauni nayaona.

Ukweli ni kwamba nilikuwa mfagizi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, napiga deki ukumbi wa ile studio, na siku zote kumi na moja walizorekodi nilikisikia kile kiitikio mpaka nikakijua kama jina langu. Siku ya mwisho mlango wa chumba cha kurekodia haukufungwa vizuri, nikateleza kwenye maji yangu mwenyewe, ndoo ya bati ikanitoka mkononi, na ile ngo! ambayo wenzangu wanaigongea meza ni ndoo yangu, mshauri. Nilimsikia Dada Radi akicheka, akasema, "Acheni hivyo hivyo," akaimba, lakini msimamizi alinifuata mpaka kwenye ngazi akanifukuza kazi palepale, kwa maneno ambayo sithubutu kuyaandika gazetini, na tangu siku hiyo mtu akipaza sauti nyuma yangu nywele zinanisimama. Sikumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Miezi michache baadaye redioni nikaisikia ndoo yangu, nikakaa chini jikoni mpaka chungu kikaungua. Na huko chamani kila mwezi wanabishana, Sindano anasema ni kijiti cha mpiga ngoma kilidondoka, mwalimu anasema ni mlango wa mpenzi anayeondoka, ana maelezo marefu kweli mwalimu, nami niko pale kwenye kiti cha mbele nakunywa chai kimya.

Basi wiki iliyopita mwalimu ametuma kwenye kundi letu la WhatsApp sauti ya Dada Radi mwenyewe, wa leo, bibi kizee, imechoka lakini kukwaruza ni kulekule. Amesikia habari za chama, anakuja Jumamosi hii kuisikiliza Ile ya Bluu pamoja nasi. Na mwishoni akasema, nimerudia kuisikiliza mara ishirini, "Mwambieni huyo mwenzetu asikose. Nina neno naye." Kisha akacheka. Neno gani mshauri? Kicheko cha nini? Wenzangu wanashangilia, mwalimu amepanga mimi na mjukuu wangu tuimbe ile sauti ya tatu mbele ya mgeni, na mtoto anafanya mazoezi huku anaosha vyombo, ananiambia, "Bibi, hii sauti ni damu yako," na kila akisema hivyo natoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Simu ikilia nashtuka. Nimefunga begi niende kwa dada yangu, halafu nikawaza bora nimtume mjukuu akawaambie nimelazwa, halafu nikawaza nitalazwa kweli kwa hali hii. Naogopa macho ya Sindano, naogopa macho ya mtoto zaidi. Zile alasiri ndizo zinazonifanya niusubiri mwezi unaokuja, na nikifukuzwa mara ya pili kwa wimbo uleule sitainuka tena. Nifanye nini?

Ni mimi, Niliyekalia Kiti cha Mwenyewe.

MSHAURI ANAJIBU

Mama yangu, shikamoo. Kwa hesabu zangu umenizidi umri, lakini leo utanisamehe, nitakugombeza.

Kwanza hofu yako naielewa. Msichana wa miaka kumi na tisa alikimbizwa kwenye ngazi akiwa amelowa maji, na nusu karne baadaye bado anakimbia. Aliyekufanyia vile alikukosea, na kazi yako haikuwa aibu hata siku moja. Pole sana. Huruma yangu imeishia hapo, sasa tuongee.

Magauni ya njano uliyatoa wapi, mama? Kunyamaza siku ya kwanza ni woga, wengi tungenyamaza. Lakini ulirudi mwezi wa pili ukaongeza, na wa tatu, miaka tisa! Na hujaandika hata mstari mmoja kuhusu mwanamke aliyeiimba kweli ile sauti. Sijui kama yu hai. Najua tu kwamba jina lake hawakuliandika, na wewe, unayejua vizuri kuwa nje ya mlango kulivyo, ukakikalia kiti chake na chai juu. Hilo ndilo lililoniuma. Halafu unataka mtoto wa watu akaseme umelazwa? Yeye amekosa nini mpaka umpe mzigo wako aubebe?

Unauliza Dada Radi ana neno gani. Mimi sijui, na sitakudanganya kwamba atakukumbatia. Pengine amesahau, pengine anajua fika kwamba mwitikiaji wake si wewe. Kama anajua, basi alijua kabla hajatuma ile sauti, na ukikimbilia kwa dada yako utakuwa umemwacha mjukuu wako ajibu maswali peke yake mbele ya watu kumi na mmoja na mgeni wao.

Begi lifungue leo. Mjukuu akirudi kutoka shuleni mpe chakula ashibe, kisha mwambie yote, anzia kwenye ndoo. Jikaze usilie kabla hujamaliza, maana atakubembeleza na habari itaishia njiani. Mwambie pia sauti ile ni yake mwenyewe, hana haja ya kuirithi kutoka kwenye jalada la santuri. Kesho asubuhi mpigie mwalimu. Usimwandikie ujumbe, mpigie, na usianze na "naomba unielewe", anza na "Mimi siye mwenzao, nilikuwa mfagizi." Awaambie wenzenu kabla ya Jumamosi, mgeni asikute ugomvi. Watakaonuna wana haki ya kununa. Wakisema usirudi tena itauma, lakini safari hii utakuwa umeambiwa kwa kosa lako, si kwa ndoo iliyoteleza, na utarudi nyumbani kwa mtoto anayekujua wewe ni nani.

Kama hawakukufungia mlango, Jumamosi nenda, tena saa tisa kasoro, usiingie kwa kunyatia baada ya wimbo kuanza. Kile kiti kando ya gramafoni kiache kitupu, wewe kaa nyuma. Dada Radi akiuliza mwenzao yuko wapi, simama mwenyewe kabla hujanyooshewa kidole, mwambie hayupo, na umwombe akutajieni jina lake, mwalimu aliandike pale nyuma ya jalada kwa kalamu yake. Ndipo umwambie wewe ulikuwa nani, na ulisimama wapi.

Kisha upande wa pili utageuzwa. Wimbo wa tatu ukikaribia utawaona wenzako wakiinua mikono juu ya meza. Wewe mikono yako iweke mapajani. Wewe ulishagonga.