Mashine Inasugua Tena

Jumatano, mwezi wa kumi 1972

Watoto wamelala, Zaina na Shabani, mama mkwe bado anasali. Mimi ile mashine yetu ya kukamua mawese bado inalia kichwani.

Asubuhi inazunguka kimya kabisa. Jua likipanda, chuma cha katikati kinaanza kugusa pipa. Kikigusa kinapata moto, kikipata moto kinapinda, kikipinda kinazidi kusugua. Leo ilitetemeka hadi bati za juu zikalia.

Nikamwambia shemeji Hamisi, "Zima! Kaka yako alikuwa anazima, anaacha ipoe."

"Mama Zaina, mashine si mutoto wa kubembelezwa. Iache isugue, itajipatia nafasi."

Watu wa kijiji cha Gatete waliokuwa wanangoja zamu ya kukamua wakacheka. Nami nikacheka, kwa haya tu.

Kisha ikapiga mlio mmoja, pipa likapasuka. Wakabeba mikungu yao ya michikichi, wakanishukuru, "Murakoze, mama," wakaondoka. Shemeji alikaa chini.

Watoto wanakula kwa ile mashine. Kesho nitapika nini, sijui. Na aliyejua kuitengeneza ni mume wangu, aliyevuka ziwa siku askari walipokuja kukamata wanaume. Alisema akifika Kigoma atatuma habari; hadi leo haijafika.

Baba Zaina, karatasi hii sina wa kumpa aivushe. Lakini kama uko upande ule, mwambie mvuvi yeyote alete neno, upesi. Mambo ya mashine acha. Nataka kujua tu kama uko.