Bao la Pili la Homa Bay

Baba Gati,

Tumefungwa. Mawili kwa moja, tena Homa Bay, na kabla hujauliza, refa hana kosa. Ni Jumatatu asubuhi, nimeketi hapa Suna kwenye meza yetu, cherehani nimeifunika kitambaa na mlango nimeurudisha ili wateja wadhani sipo. Leo sishoni kitu mpaka nimalize kukueleza. Najua hutaisoma barua hii. Naiandika hivyo hivyo, kwa sababu mechi hii niliitazama kwa macho yangu mawili, na katika dunia nzima sina mtu mwingine ninayetaka kumsimulia.

Ndiyo, niliitazama. Mimi huyu. Cheka kwanza, kisha tuendelee.

Unakumbuka Jumamosi zetu. Wewe Mkatoliki wa kwa Wakuria, mimi Msabato wa Rangwe, na chuo chako cha ufundi, ulikokuwa mwalimu na kocha, kikicheza mechi zake zote siku ya Sabato, utadhani waliipanga ratiba ili kunikomoa. Asubuhi ulinisindikiza mpaka mlango wa kanisa, umenibebea Biblia, halafu ukashika njia ya uwanjani na filimbi yako shingoni. Jioni ukarudi, na hapo ndipo vituko vilipoanza, maana nilikuwa nimekupiga marufuku kunitajia mpira kabla jua halijazama. Ulikaa kitini ukitikisa goti, habari imekujaa mdomoni, macho dirishani.

"Nyar Rangwe, jua limezama?"

"Bado."

"Ni hilo wingu linakudanganya. Limezama kitambo."

"Baba Gati, bado."

Nyar Rangwe, binti wa Rangwe. Katika Kijaluo chote hayo ndiyo maneno mawili uliyoyatamka sawasawa. Mengine yaliwavunja mbavu ndugu zangu, na mimi Kikuria changu kiliishia kwenye salamu, ndiyo maana nyumba yetu ilizungumza Kiswahili, na mtoto wetu akakua anaokota maneno ya pande zote mbili kama kuku.

Nikishafunga Sabato kwa sala, sala fupi, nakiri, kwa sababu nilikuwa nakuonea huruma, ulikwenda moja kwa moja kwenye magunia yangu pale pembeni. Ukaja na punje kumi na moja za mahindi, hao ni vijana wako, na punje kumi na moja za maharagwe, hao ni wapinzani. Ukazipanga mezani. Kipa hapa, mabeki hapa, viungo, washambuliaji. Kisha ukaicheza upya mechi nzima, huku ukilitangaza kila bao kwa sauti ya redioni. Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza. Ulikuwa na sheria moja: bao halianzii golini. Kila mtu anamwona kipa ameanguka, ulisema, lakini wewe rudi nyuma, pasi moja, pasi mbili, mpaka uone lilikoanzia.

Mwanzoni nilikuitikia tu, mwiko mkononi. Baadaye nikaanza kuona. Vijana niliwajua kwa namba, kwa kuwa namba zote za jezi nilizishona mimi, na nikakariri nani anachana bega na nani anarudisha jezi safi kama hakucheza. Siku moja nikakuambia, "Huyu namba nne wako ana tabia ya kumfuata mtu. Akimfuata, anaacha mlango wazi nyuma yake."

Ukarudisha punje mahali pake, ukazisogeza tena polepole.

"Nani amekuambia?"

"Maharagwe."

Ukacheka mpaka ukakohoa. Tukimaliza, mechi yote iliingia kwenye sufuria, na kesho yake tukala nyoyo, mahindi na maharagwe pamoja, tukawatafuna marafiki na maadui bila ubaguzi. Mimi nilidhani ni mapenzi tu. Nilidhani unampumbaza mke wako asiyeweza kwenda uwanjani, unampa na yeye kamchezo kake ka jikoni, na wala sikuchukia. Nilikupenda zaidi kwa hilo.

Sasa niseme lile ambalo hatukulisema.

Mwaka ule wa Kombe la Dunia la kule Marekani mlifika fainali ya vyuo, Homa Bay. Ijumaa mchana nilikuwa namalizia chakula cha Sabato, moto unanichoma macho, ukaja ukasimama mlangoni mwa jikoni. Ukasema, "Kesho njoo. Hii moja tu." Hukuwahi kuniomba kitu kama hicho. Tulipooana tulikubaliana, kila mtu na Mungu wake kwa njia yake, na uliheshimu. Mimi nikakujibu, na sauti yangu ninaisikia mpaka leo, "Miaka yote hii unanijua, na bado unataka nimwibie Mungu siku yake kwa ajili ya mpira?"

Ukasema, "Si kwa ajili ya mpira."

Nikageukia sufuria yangu. Sikuuliza ni kwa ajili ya nini.

Jumatano iliyotangulia ulikuwa umetoka hospitali ukaniambia wamekupa dawa ya kifua, utapona. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Mlishinda fainali ile, moja bila, ukarudi, ukanipangia punje, ukanieleza yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sauti ya redioni haikutoka vizuri. Kabla mahindi mapya hayajavunwa tulikuwa tumekuzika kwenu.

Nisikilize vizuri, usije ukadhani nimebadilika. Sabato ninaitunza, na nitaitunza mpaka nife. Sijutii kwenda kanisani. Ninachojutia ni kwamba mume wangu aliniambia "si kwa ajili ya mpira" nami nikakoroga mboga.

Tangu hapo Jumamosi jioni zimekuwa ndefu. Gati yuko bweni, anaandika mara moja kwa muhula, barua fupi zinazoomba sabuni na viatu. Jua linazama, nafunga Sabato, na siku hizi sala yangu ni ndefu kwa kuwa hakuna anayeningojea niseme amina. Nyoyo nimeacha kupika. Maharagwe yanachemka muda wa saa tatu kwa ajili ya sahani moja, na mtu mmoja hawezi kucheka peke yake akila beki wa kushoto. Nimejaribu, nikajiona mwendawazimu.

Wiki iliyopita chuo kikafika fainali tena. Kocha sasa ni Otieno, yule aliyekuwa nahodha wako, amerudi chuoni kufundisha useremala, na tumbo limeanza kumtangulia. Mechi ilikuwa Jumamosi, lakini mvua ilinyesha Homa Bay uwanja ukageuka bwawa, ikasukumwa mpaka Jumapili. Otieno alikuja kunigongea Jumamosi hiyo hiyo, giza likiingia. Alikuwa amesimama nje kwa muda, nilimwona kwenye upenyo wa dirisha, anaangalia mbingu. Akangoja mpaka jua likazama kabisa ndipo akabisha.

"Mama, mpira ni kesho. Sabato si imeisha? Sasa uko na sababu gani?"

Niliitafuta sababu, Baba Gati. Niliitafuta kweli. Sikuipata.

Nikapanda lori la chuo, nikawekwa mbele na dereva kama bibi harusi. Na uwanja wenyewe! Miaka yote ulikuwa unaniambia uwanja ule umeinamia upande wa ziwa, nikadhani ni visingizio vya makocha. Umeinama kweli. Mpira ukiachwa peke yake unaondoka zake kwenda kunywa maji. Na upepo wa mchana unatoka huko huko ziwani kuja kukupiga usoni. Vijana wakaniletea kiti, wakakiweka kando ya kocha, nikakaa.

Jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba vijana hawatulii. Mezani kwetu punje ilikaa ulipoiweka. Hawa wanakimbia, wanatukanana, wanaanguka, wanatema mate, na namba zangu mgongoni zinapita mbele ya macho nisijue nani ni nani. Robo saa nzima sikuona mpira, niliona fujo. Kisha namba nne akamfuata mtu. Mtoto mwingine kabisa, hata hukumjua, lakini nilipomwona anaondoka mahali pake nikakaa sawa kitini, na kuanzia hapo nikaona kila kitu.

Kipindi cha kwanza tulishuka na mteremko, tukafunga kwa kichwa kutoka kona. Namba tisa, peke yake kabisa, hakuna aliyeruka naye. Wakasawazisha kwa mpira wa adhabu uliomgonga mtu wetu mguuni, hilo ni bahati, sina neno. Kipindi cha pili tukawa tunapanda. Sasa sikiliza bao la pili. Kila mtu aliona kipa ameudaka mpira ukamponyoka miguuni mwa mtu wao, akamalizia. Lakini krosi ilitoka kulia kwao kwa sababu namba tatu wetu hakuwepo. Hakuwepo kwa sababu aliingia katikati kuziba pengo la namba nne. Namba nne alikuwa amemfuata namba kumi wao hadi kwenye mstari wa chokaa. Na alimfuata kwa sababu hakukuwa na kiungo wa kumpokea. Otieno alikuwa amemtoa kiungo akaingiza winga, akitaka kushinda haraka, huku viungo waliobaki wameishiwa pumzi kwa kupanda kile kilima. Dakika kumi kabla nililiona pengo lile, pana, unaweza kuanika dagaa wetu wa omena pale. Nikasimama nikapiga kelele, "Namba nne, rudi nyumbani!" mpaka mama mmoja asiyenijua akanivuta leso akinisihi nikae.

Baada ya mechi walikaa kwenye nyasi mbichi, duara, kama ulivyoizoeza timu, hakuna kunywa soda kabla ya kuichambua mechi. Wakaanza na kipa. Ni kijana wa kule Osiri kwenye machimbo, mkubwa wa mwili, na alikuwa amefunika uso kwa glavu analia. Mmoja akasema ana mikono ya siagi. Mwingine akasema afadhali wangeweka mti golini. Otieno akanigeukia. "Mama, wewe umeonaje?"

Nikawaambia, "Bao halianzii golini."

Nakuapia vijana wote waliinua vichwa, na hakuna hata mmoja wao aliyekukuta chuoni. Nikawarudisha nyuma pasi kwa pasi, kutoka kwa kipa mpaka kwa namba tatu, mpaka kwa namba nne, mpaka kwa Otieno mwenyewe, nikamwambia bao la pili lilianzia hapa kwenye benchi letu, mwalimu. Vijana wakaangalia chini kuficha meno. Otieno akainama, kisha akacheka.

"Hiyo umeniweza, mama. Ni kama tu zile Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

Akanishangaa. Akasema, "Kwani hakukuambia? Mwalimu alikuwa anakuja Jumatatu na karatasi. Anasema, Nyar Rangwe ameona hivi, Nyar Rangwe ameona vile. Sisi tulikuwa tunakuogopa wewe kuliko yeye. Mimi si ndiye nilikuwa namba nne? Ile tabia ya kufuata mtu, ni wewe uliniponya."

Na yeye, masikini, akadhani ananifurahisha, akaendelea. Akasema siku ile ya fainali yenu ulibeba kiti kutoka chuoni, mkakisafirisha juu ya lori, ukakiweka kando yako pale uwanjani. Kila aliyetaka kukikalia ulimfukuza. "Anasema mwenyewe yuko njiani. Tukamwambia, Mwalimu, wewe ni mgonjwa, kalia basi hicho kiti. Akakataa. Alikaa chini kwa nyasi mpaka filimbi ya mwisho, na kiti kiko hapo kando yake."

Mimi nilikuwa nimekalia kiti, Baba Gati, wakati ananiambia hayo.

Njia nzima ya kurudi vijana waliimba, maana vijana huimba hata wakifungwa, na dereva akaniuliza kama ni vumbi limeniingia machoni. Nikamwambia ni vumbi, na barabara ilikuwa tope tupu.

Nakuaga sasa, mume wangu. Nimekueleza mechi yote, ila hakuna aliyenibishia, na bila kubishiwa sijui kama niliona sawa. Gati mzima, anafanana nawe mdomo kila mwaka zaidi. Mimi nipo.

Lakini jioni ile uliporudi na ushindi, neno langu la kwanza halikuwa hongera. Niliona suruali yako ya kijivu, ile ya kanisani, imejaa majani na tope nyuma, nikakuuliza mtu mzima anakaaje chini kama mtoto. Ukaniomba msamaha. Niliifua mara tatu, kijani hakikutoka, na wiki nzima nikakunung'unikia habari ya sabuni.

Ningejua, nisingeifua.

Mkeo,
Nyar Rangwe